Ngeli ya Mwewe

Kurasa mia mbili na kumi na mbili zimeingia saa tatu usiku,
Coventry, mvua ya Novemba ikikwaruza dirisha la jikoni.
Mteja: Jamhuri ya Tarawe, Wizara ya Ulinzi.
Malipo: peni kumi na moja kwa neno.
Kazi: mwongozo wa mtumiaji.
Mtumiaji! Utadhani ni jiko la gesi.

Nimebandika chai, nimefungua kamusi tatu,
na sentensi ya kwanza imenikwama kooni:
chombo hiki huzurura angani saa sita
kikingoja rada ya adui ifumbue jicho.

Kuzurura.
Babu yangu Kitsao alifungwa kwa kitenzi hicho.
Mombasa, zama za kipande, alisimama mbele ya duka
akitazama baiskeli asiyoweza kuinunua.
Askari akamuuliza, Unangoja nini?
Akajibu, Singoji kitu.
Miezi miwili, kuvunja mawe.
Aliyengoja mikono mitupu alikuwa mhalifu;
anayengoja na kilo ishirini za baruti kifuani
anaandikiwa mwongozo, wino wa rangi mbili.

Nafuta. Naandika kuranda. Nafuta.
Kuvizia? Lakini kuvizia kuna pumzi ndani yake,
kuna chui aliyelala njaa.

Halafu ngeli.
Wamekibatiza Mwewe, wakaniachia mimi mlango:
ki- ya kiti, kijiko, kisu,
au a- ya mtu na mbwa na mwewe wa kweli
aliyekwapua vifaranga vya mama?
Ukurasa wa arobaini: hakihitaji ruhusa,
kinatambua chenyewe, kinachagua chenyewe, kinashuka chenyewe.
Kisu hakichagui.
Nikiandika anachagua, nimempa roho,
na mwenye roho itabidi apewe na dhambi.
Nikiandika kinachagua, dhambi yenyewe
itabaki huko juu, ikizurura.

Nimempigia Bi. Pritchard wa wakala.
Amepiga miayo. Tumia iliyo fupi, kasema.

Ukurasa wa themanini na nane yumo kijana
ndani ya gari la rada, kidole juu ya swichi.
Akiwasha, ameonekana.
Asipowasha, ndege zitapita juu yake
kama wageni kwenye nyumba isiyo na mlango.
Yote mawili, mwongozo unasema, ni mafanikio.
Jina hana. Anaitwa chanzo cha mawimbi.
Pambizoni, kwa penseli, nimemwita Ndurya,
kisha nikafuta; mteja hapendi pambizo chafu.

Mvumilivu hula mbivu, tuliimbishwa darasani.
Hakuna aliyeuliza mbivu ni nani.

Saa tisa. Nje, taa ya jirani, ile ya kujiwasha,
imemdaka mbweha kwenye mapipa ya taka.
Mbweha ameganda, mguu mmoja hewani.
Taa imemtazama mpaka ikachoka, ikazimika.
Yeye bado hajashusha mguu.

Imebaki jedwali la mwisho, jumbe za skrini.
Huu mmoja, kwao ni maneno sita,
peni sitini na sita;
kwetu moja tu:
hakijakuona.
Nalitazama lile -ja- lililojibanza katikati,
silabi moja, jepesi kuliko punje ya mtama.
Si hapana.
Ni bado.

Nahifadhi faili.
Nazima taa ya jikoni
kabla ya kusogea dirishani.