Kilomita za Nani

Kwenye kioo wamebandika karatasi,
namba nene, imesimama kama askari wa gwaride:
310.
Salvius muuzaji akaigonga kwa kalamu.
"Ukichaji usiku, mama, Kasulu unakwenda, unarudi,
na chenji inabaki."

Nikamuuliza: kilomita za nani?
Akacheka. Mimi sikucheka.

Mimi nakodisha viti vya harusi.
Viti mia na hamsini, maturubai mawili,
spika mbili nzito kama ng'ombe aliyegoma,
na mdogo wangu Nyandwi anayekaa juu kuzishikilia.
Mwaka wa kumi na moja huu nanunua dizeli,
na kila lita imo kwenye daftari.

Hiyo mia tatu na kumi ilizaliwa wapi?
Nasikia ni ndani ya chumba.
Gari limefungwa, magurudumu yanazunguka juu ya vyuma,
na lenyewe halijaondoka lilipo.
Hakuna jua la Septemba. Kipoza hewa kimezimwa.
Hakuna mbuzi wa Mwandiga katikati ya lami.
Dereva mmoja, mwembamba labda,
asiyesubiriwa na bibi harusi yeyote.
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi;
aliyeipima namba hii hakubeba hata kiti.

Sisemi karatasi imedanganya.
Futi ya fundi haidanganyi.
Ila aliyepimwa si mimi,
na gauni nitalivaa mimi.

"Lete ufunguo," nikamwambia. "Tupande Manyovu."

Jumamosi. Betri imejaa, viti vimekazwa kamba.
Hadi Mwandiga namba ilikuwa na adabu,
kilomita moja barabarani, moja kwenye kioo.
Halafu mlima ukaanza kudai.
Tunaitafuta Kalinzi, migomba huku na huku,
namba inadondoka tatu tatu
kama shilingi kwenye mfuko uliotoboka.
Salvius akazima kipoza hewa bila kuambiwa.
Akafungua dirisha. Akaacha kusimulia.

Manyovu. Tumetembea sitini,
kioo kinasema zimebaki mia na sabini.
Nyandwi akahesabu kwa vidole, akarudia.
"Dada, themanini zimekwenda wapi?"
Tumemlipa mlima, nikamjibu. Shusha viti.

Kurudi tukarudi watupu,
na hapo nikaona jambo ambalo karatasi haikulitaja:
kwenye mteremko, mguu wangu ukiwa mbali na mafuta
(bado nayaita mafuta),
namba ikapanda.
Mia na thelathini na moja. Na mbili. Na tatu.
Mlima unarudisha chenji!
Si yote. Mlima nao ni mwenye duka.

Tulifika mjini na mia na moja.
Usiku nikakaa na daftari,
nikazitupa kilomita zao, nikahesabu kwa lugha ninayoielewa:
uniti, kama za Luku.
Betri hubeba arobaini. Tumekula ishirini na saba
kwa kilomita mia na ishirini, kupanda na kushuka.
Basi gari hili, kwangu mimi, ni mia na sabini na kitu,
nikilikamua mpaka tone la mwisho.

Na mimi si mtu wa tone la mwisho.
Kukatika kwa umeme nakujua. Tope la Machi nalijua.
Na betri itazeeka, kama goti langu,
bila kuomba ruhusa.
Nikaandika: mia na arobaini. Nikapiga mstari.

Jumatatu nikamwendea Salvius.
"Wewe unauza mia tatu na kumi.
Mimi nanunua mia na arobaini.
Bei ianzie hapo."
Aliitazama karatasi yake muda mrefu,
kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa vibaya.

Karatasi ipo bado kwenye kioo, sikuibandua.
Chini yake nimeandika kwa wino wangu:
140, viti vikiwemo.
Harusi za Kasulu, tunalala huko huko.