Gari Langu Hunyamaza kwa Fundi

Kutoka Nkokonjeru hadi Namakwekwe lililia njia nzima,
kwii, kwii, kama mtoto wa mbwa aliyefungiwa stoo.
Nikazima redio nilisikilize.
Nikateremsha kioo nilisikilize.
Mwenye bodaboda akanipita: "Mama, beringi hiyo!"
Wa pili akasema ni mkanda wa feni.
Wa tatu hakusema. Alicheka tu.

Nafika kwa Kuloba, nakanyaga breki:
kimya.

Kuloba kalizunguka mara mbili, kalipiga teke tairi,
kaliendesha hadi mnara wa saa na kurudi.
"Sisikii kitu," kasema, akifuta mikono
kwa fulana ya kampeni ya mtu aliyeshindwa.
Nami nimesimama pale, mwanamke mzima,
mshonaji wa sare za shule tatu,
nalia kwii kwii kwa mdomo wangu
ili fundi asikie ninachosikia.

"Keti, Neumbe," wakaniambia wa kwenye benchi.
Benchi ni kiti cha nyuma cha Premio iliyokufa zamani;
mkanda bado upo, na Mzee Opolot huufunga akikaa.
Mazoea, asema.
Mshale wake wa mafuta umekwama kwenye robo tangu Pasaka.
Hupima tangi kwa bua la mtama, kama mganga,
na bado likamzimikia darajani Awoja, saa tatu usiku,
yeye na mbuzi watatu, na mbu wa kinamasi kizima.

Katekista Wesonga aliibiwa kioo cha pembeni Jumanne.
Jumatano kauziwa kingine, bei ya kirafiki,
nyuma yake pamechorwa namba ya gari lake,
kwa msumari, kwa mwandiko wake mwenyewe.
Alilipa.
"Ningefanyaje? Kilikuwa kinanitazama."

Na Nandutu wa benki, mlango wake wa dereva
hufunguka kwa nje tu. Akifika kazini
huteremsha kioo, hutoa mkono, hujifungulia,
mbele ya askari wa lango na wateja waliopanga foleni,
kama mwizi anayetoka badala ya kuingia.

Wakaniuliza langu, mbali na hicho kilio.
Nikawaambia: langu lina mtu.
Kila asubuhi nikiwasha, mwanamke ndani ya dashibodi
hunena neno kwa Kijapani, kwa adabu, mara moja,
kisha basi. Mwaka wa sita huu.
Sijui kama asema karibu au asema shuka.
Fundi wa Tororo alitaka elfu hamsini amtoe.
Nilikataa. Siku hizi namjibu: mulembe.
Huenda ndiye pekee ajuaye kinacholia,
na kila siku ananiambia.

Mawingu yakashuka Wanale bila kubisha hodi.
Gari la Nandutu limekwisha kutengenezwa, limekwisha kulipiwa,
na haliwaki.
"Betri," kasema Kuloba. "Si nilisema betri?"
Hakusema.
Opolot akafungua mkanda wake.
Katekista akakunja suruali hadi magotini,
akavua saa, akampa mtoto wa kufua spana.
Tukasukuma, matope mekundu yakitula viatu,
mimi na bega langu kwenye buti iliyofungwa kwa kamba ya katani,
moja, mbili, moja, mbili, hadi mteremko ukatuonea huruma
likakohoa, likatutapikia moshi usoni,
likashika.

Hawezi kusimama kutushukuru. Akisimama litazima.
Tuliuona mkono tu, umetoka dirishani kwenye mvua,
mkono ule ule wa kufungulia mlango,
unapunga, unapunga, hadi kona ya mashine ya kusaga,
na nadhani hata huko, tusikouona, bado ulipunga.

Tukarudi tumelowa. Mzee kafunga mkanda.
Kuloba akatazama magari, akatutazama sisi.
"Haya. La nani linafuata?"