Nusu Iliyopungua

Talca, Julai, kabla ya mapambazuko.
Moshi wa kuni umelalia mapaa
nami nafungua maabara kwa bega,
maana mlango huu hunywa mvua ukavimba.

Kichupa chake ni cha nne.
Retamal, Baudilio. Sitini na minane. Mpogoaji wa mizabibu.
Saratani ya tumbo. Siku ya upasuaji: bado.
Uso wake siujui. Namjua kwa rangi:
maji ya damu yake, mashine ikishayazungusha,
ni manjano iliyochoka,
chai ya nyumba iliyoishiwa majani.

Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Hawajapima.
Damu ya asiyekula hurejea kuwa maji,
huvuja mishipani, huteremka miguuni;
ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki
likikutazama.

Albumini, mbili nukta tisa: zidisha kwa kumi.
Limfosaiti, elfu moja na mia moja: gawanya kwa mia mbili.
Jumlisha.
Thelathini na nne na nusu.

Hesabu ya mtoto wa darasa la tano.
Daktari Oyarzún akaisoma amesimama.
"Uzi ni wangu," akasema,
"lakini nyama ya kuushika uzi ni yake.
Mlisheni kwanza. Wiki tatu."

Mkewe, Ercira, akaja dirishani kwangu
kana kwamba mimi ndiye muuza damu.
Nimpe kiazisukari chekundu? Nimpe divai?
Nikamwambia mayai, kuku, maharage, maziwa,
kidogo kidogo, hata asipotaka.
Akaenda akahesabu vijiko
kama mtu alipaye deni kwa senti.
Siku ya tisa alikuta yai la kuchemsha
mfukoni mwa koti la mumewe,
zima, limekwisha menywa.
Alilia, akaniambia, kisha akalila mwenyewe
kwa hasira.

Kichupa cha pili.
Tatu nukta tatu. Elfu moja na mia tatu.
Thelathini na tisa na nusu.

Mpaka ni arobaini.

Nikarudia kupima. Nusu ile ile.
Shuleni tulifundishwa kukadiria:
nusu hupandishwa, hakuna anayeumia.
Kalamu ilisita hapo, naikiri.
Kwenye karatasi za watafiti kuna mistari miwili
inayoshuka kama ngazi mwaka hadi mwaka,
wa juu na wa chini,
na kila kipago ni mtu
aliyekuwa na koti, na mfuko.
Niliandika thelathini na tisa na nusu.

Oyarzún aliitazama muda mrefu kuliko kawaida yake.
"Uvimbe nao unakula," akasema. "Haungoji."
Akampasua Alhamisi.

Sitasema kwamba namba ilishindwa.
Mshono ulivuja siku ya sita, homa ikapanda,
Ercira akalala kitini usiku kumi na moja.
Wala sitasema kwamba ilishinda.

Septemba muuguzi alipata udhuru,
nikatoka mimi kutoa damu.
Mzee mwembamba, kofia magotini, akakunja mkono wa shati.
Hakuuliza yuko wangapi.
Kwenye kiganja, chini ya kidole gumba,
palikuwa na kovu refu la mkasi wa kupogolea,
la zamani, limepona vizuri, limenyooka.
Hilo halimo kwenye hesabu.

Nikafunga mpira juu ya kiwiko.
Nikautafuta mshipa.