Mtungi wa Tatu

Mtungi wa tatu tangu Novemba.
Marcel wa duka la gesi hanicheki tena,
ananihurumia, na hilo ndilo baya zaidi.
Ameandika nyuma ya risiti, kwa herufi kubwa,
maana anajua masikio yangu yalibaki kiwandani:
VEIKKO, UNAKUNYWA BIA AU UNAKUNYWA HEWA?

Miaka thelathini na mmoja ya mashine za karatasi
ilinipa pensheni, saa ya ukutani,
na nyuki mmoja ndani ya sikio la kushoto,
usiku na mchana, hachoki.
Sasa niambieni: mtu asiyesikia
atamwindaje mwizi anayenong'ona?

Gereji, Thunder Bay. Nje nyuzi ishirini na nane
chini ya sifuri; ziwa limefunga mdomo.
Ndani kuna friji kuukuu, ndani ya friji pipa la chuma,
ndani ya pipa bia nyeusi ya shayiri iliyokaangwa,
niliyoipika mwenyewe
na kuingojea wiki sita kama barua.
Nafungua bomba: inatoka imelala.
Bia isiyo na povu
ni hodi isiyoitikiwa.

Nilianza na hasira, kama kawaida yangu.
Nikakaza kila nati mpaka spana ikalia
(nadhani ililia; niliihisi kiganjani).
Asubuhi mshale wa geji uko chini.
Nikautoa mtungi kwenye friji, nikauweka karibu na jiko,
na mshale ukapanda wenyewe, bila aibu.
Kumbe baridi nayo husingizia watu wizi.

Lakini gesi iliendelea kwisha.

Nikachukua sabuni ya vyombo na brashi
ambayo Aune alikuwa akichorea maua dirishani.
Nikapaka viungo. Nikapaka kifuniko.
Nikauzamisha mpira ndooni, nikainama
kama anayetafuta sarafu kisimani.
Maji hayakusema neno.
Usipoziba ufa, Aune angeanza,
na mimi ningemjibu: ufa wenyewe uko wapi?

Basi nikawatenga washukiwa.
Nikafunga mtungi, nikachomoa pipa,
nikaandika namba kwa chaki ukutani, nikaenda kulala.
Alfajiri namba ilikuwa ile ile.
Mtungi hauna hatia. Mpira hauna hatia.
Tulibaki wawili, mimi na pipa.

Jumamosi akaja Taimi, miaka tisa,
mabuti yake yakimwaga theluji sakafuni.
Akavua kofia, akalaza sikio juu ya chuma,
akaminya macho.
Kisha midomo yake ikaniambia, polepole, nisome:
*Babu, mna nyoka.*
Akaweka kidole penye kichwa cha gesi,
pale pale ambapo kiungo hukaa kama kofia
na brashi yangu haikupita.

Tone moja la sabuni.
Mapovu yakaja, madogo, yenye subira,
moja nyuma ya jingine, kama watoto wa shule.

Nikavuta pete ya usalama, pipa likapumua lote.
Nikafungua. Raba ndogo, saizi ya kidole cha Taimi,
imekatika upana wa unywele.
Haikuoza. Ilibanwa.
Spana yangu. Kila mtungi ulipokwisha nilikaza zaidi,
na kila nilipokaza nilimfungulia mwizi mlango.

Raba mpya ni senti chache.
Nikaipaka mafuta, nikakaza kwa vidole,
nikampa Taimi spana akaitundike juu, nisikoifikia haraka.

Usiku ule mshale wa pipa ukashuka tena kidogo
na moyo wangu ukashuka nao. Kisha nikakumbuka:
bia changa, ikiwa baridi, ina kiu yake.
Si kila kilichopungua kimevuja;
kingine kimenywewa, kimo humo humo.

Taimi akasikiliza, akatikisa kichwa: kimya.
Nikasikiliza na mimi. Nyuki wangu tu.
Nikamwamini mtoto.

Mwezi Aprili Marcel akaja mwenyewe, kofia mkononi,
na karatasi aliyokwisha kuiandika:
UMENIHAMA? NILIKUKOSEA NINI?
Nikammiminia glasi.
Povu lilisimama mpaka alipomaliza kusoma uso wangu.