Mkwaju, Kyu, Eni

Saa tano usiku. Maktaba ya Rēzekne imefungwa,
theluji imekalia kizingiti cha dirisha kama mteja asiyetaka kuondoka.
Mimi na bakuli la supu ya bitiruti iliyopoa,
kompyuta arobaini na moja zilizolala,
na karatasi ya Mkurugenzi: Ondoa visivyotumika.

Kuondoa si kazi. Ni mstari mmoja.
Mkwaju na eksi, kisha jina la programu: ng'oa.
Mkwaju na kyu na eni: ng'oa kimya,
usifungue dirisha, usiulize "Una hakika?",
usioneshe hata ule mstari wa kijani unaojikokota.
Na mkwaju wa mwisho, mashine isijizime na kujiwasha,
maana asubuhi watu hawataki kujua
kwamba usiku kulikuwa na msiba.

Mikwaju mitatu. Nilichapa, hakuna aliyelia.

Nilikipenda kimya hicho, nakiri.
Mwaka wangu wa kwanza nilizunguka chumba hadi chumba
nikibonyeza Endelea, Endelea, Nakubali, Maliza,
kidole kikaota sugu
kwa kukubali masharti kwa niaba ya watu waliokwenda kula.
Staņislavs, aliyenifundisha kazi, alinicheka:
"Donats, anayebisha hodi ni mgeni. Wewe una funguo."

Nambari zikaanza kurudi.
Sifuri. Sifuri. Sifuri.
Kwetu sisi sifuri ndiyo mia kwa mia,
yamekwisha, nenda kalale.
Mashine moja ilirudisha elfu tatu na kumi: tayari, ila niwashe upya.
Nyingine elfu moja mia sita na tano:
hicho unachotaka kukiondoa, mimi sikijui.
Nikaandika zote daftarini, nikazima taa.

Ya kumi na saba kwenye orodha ilikuwa kibodi.
Kibodi ya Kilatgale, kilobaiti mia mbili na kitu,
nyepesi kuliko picha ya paka.
Sikuisoma mara mbili.

Asubuhi akaja Genovefa, viatu vimelowa,
akavua glavu, ya kwanza, ya pili,
akaketi kwenye mashine ya dirishani
ambako kila Jumanne huandika majina ya mashamba ya kwao mama yake,
visima, vinamasi, kona za njia,
majina ambayo ramani haikuyaomba.
Akabonyeza. Ikatoka o.
Akabonyeza tena. O.
O tupu, isiyo na kile kijistari kichwani,
kama mtu aliyesukumwa nje kwenye baridi bila kofia.

Hakupiga kelele.
"Kijana, herufi yangu imekwenda wapi?"

Ningeweza kuirudisha kutoka mezani kwangu,
mkwaju ai, mkwaju kyu eni, sekunde nne,
naye angedhani ni vidole vyake vinazeeka.
Bibi yangu alikuwa akiniuliza mambo kwa lugha hiyohiyo.
Mimi nilikuwa nikimjibu kwa nyingine.

Nikavuta kiti, nikaketi kando yake.
Nikaandika amri bila mkwaju wa kimya,
dirisha likafunguka, la kizamani, la kijivu:
Karibu. Je, unakubali masharti?
"Nisubiri," akasema, akavaa miwani,
akasoma yote. Dakika kumi na tisa.
Kwenye kifungu cha sita akauliza
hiyo dhamana wanayoikana ni ya nani.
Nikasema sijui, sijawahi kufika hapo.

Kisha yeye mwenyewe, kwa kidole chake:
Nakubali.

Mstari wa kijani ukajikokota. Tuliutazama
kama watu wanaosubiri birika lichemke.

Daftarini, mbele ya nambari kumi na saba,
ile sifuri yangu bado ipo.
Nimeipiga mkwaju mmoja wa wino.