Moshi Mweusi, Mlima wa Newala

Injini niliishusha mwenyewe
kwa mnyororo, chini ya kipande cha reli ya karanga
ambacho babu alikipata Nachingwea treni ilipokufa.
Ringi mpya. Pistoni mpya. Beringi zote.
Kichwa kilikwenda Mtwara kwa basi, kikarudi kimechongwa,
kimeviringishwa shuka kama mwali siku ya kutolewa.

Nilipoiwasha, iliitika mara moja.
Bi Likwachala akahesabu noti za kiinua mgongo
mara mbili, kama anayesahihisha madaftari,
akaondoka Masasi na magunia kumi ya korosho.

Kesho yake akarudi na magunia yale yale.
“Fundi, tambarare linakwenda.
Mlimani linaniomba radhi.”

Nikalaumu dizeli: ya madumu hiyo, nikasema, ya vichochoroni.
Nikamwaga tangi, nikabadili chujio.
Nikalaumu mzigo.
Nikaulaumu mlima,
mlima ambao pikipiki ya Mchina huupanda na watu watatu na mbuzi.

Basi tukatoka kulijaribu.
Selengu alikaa nyuma juu ya magunia, kazi yake kusoma moshi:
wa buluu, oili inaungua;
mweupe, maji yamepata njia.
“Mweusi, fundi! Mweusi kama sufuria ya msibani!”
Gia ya pili. Ya kwanza.
Kona ya tatu tukapitwa na mama mwenye ndoo ya maji kichwani.
Akatusalimia,
akatusubiri tuitikie.

Mweusi ni dizeli iliyomkosa mwenzake.
Nilijua hilo tangu nikiwa kijana wa kushika taa,
lakini nilikuwa nimeshabadili chujio la hewa mara mbili,
na mtu akishafanya jambo mara mbili haliangalii tena.

Usiku, gereji ya Mkuti, kwa taa ya simu,
nikapima kompresheni:
ishirini na nane, ishirini na nane,
ishirini na saba, ishirini na nane.
Alama za taimingi zinatazamana, hakuna jino lililoruka.
Nozeli zinapuliza ukungu safi.
Kila nilichokigusa kilinijibu, si mimi,
hadi washukiwa wakaisha
nikabaki mimi na spana.

Nikachomoa mpira wa hewa pale unapoingilia injini.
Nikakanyaga mafuta.
Ikanguruma, Selengu akaangusha simu.

Nikaingiza vidole ndani ya mpira, kisha koleo, kisha waya.
Kikatoka kwa shida, kimelowa, kimefyonzwa hadi konani:
kipande cha gunia la korosho,
na herufi za wino bado zinasomeka,
DARAJA LA KWANZA.

Nilikikata kwa kisu changu. Nakumbuka.
Kichwa kilikuwa Mtwara, panya walikuwa wengi,
nikaziba tundu ili uchafu usiingie.
Nililinda pumzi yake
kwa kuinyima.

Selengu alinitazama, hakusema.
Alijua kama ninavyojua
kwamba neno “nozeli” lina thamani ya laki tatu,
na mwalimu mstaafu hana pa kulikagulia.
Nikanawa mikono kwa petroli, nikanawa tena kwa sabuni.
Harufu ya korosho haikutoka.

Asubuhi nilikiweka juu ya dashibodi, kikavu.
Bi Likwachala alikisoma bila miwani.
“Nani alisahau?”
“Mimi.”
Akanitazama muda wa kutosha kunirudisha darasa la nne.
Akakikunja, akakitia mkobani, akapanda,
akawasha.

Saa nne simu ikalia. Nikaipokea kwa kiwiko,
mikono yangu ikiwa ndani ya gari la mtu mwingine.
“Fundi, niko kona ya tatu.”
Moyo ukanishuka.
“Nimempita yule mama mwenye ndoo.
Nimesimama nimpakie.”