Mlalo

Kidevu usikiguse. Ndevu zile ni za sunna.
Kazi iko chini yake, shingoni,
na shingo ya baba yangu haina adabu.

Miaka arubaini amenyoa Machomane nzima,
mabwana harusi, mahujaji, vichanga wa siku saba,
hadi siku mkono wa kulia ulipomfia mapajani
na ulimi ukabakisha maneno mawili, "la" na "maji".
Kaka zangu wako Maskati.
Kinyozi hajinyoi, ndivyo wasemavyo watu;
basi wembe umenifikia mimi, mshona nguo,
kila Ijumaa, kabla adhana haijatukuta na povu.

Wiki ya mwanzo nilimkata mara nne.
Nikabana shabu juu ya damu, nikalia,
naye akagonga mkono wa kiti kwa kidole kizima:
mara moja, yaani umeusimamisha mno;
mara mbili, acha, futa, anza tena.

Nikadhani ni chuma.
Nikakinoa, nikakipitisha kwenye ukanda wa ngozi
mpaka kikawa kinakata unywele hewani.
Baba akatoka vipele kama kuku aliyenyonyolewa.
Chuma hakikuwa na kosa.

Usiku mmoja nakata kanzu ya mtu wa Wawi,
kitambaa kikanivutika upande, nikajisema kwa sauti:
Mize, hukutazama mlalo.
Hapohapo nikaweka mkasi chini.

Asubuhi sikushika wembe. Nilishika shingo.
Kwa ncha za vidole, ndevu za siku tatu, polepole,
nikaziuliza kila mahali: mnalala wapi?
Chini ya taya la kushoto zinaelekea sikioni.
Kulia zinashuka, kisha zinabadili nia.
Na kando ya kikoromeo, kwenye kibonde kile,
zinazunguka kama maji yanayotafuta tundu la karo.
Nilichora ramani yake kwa chaki ya kushonea
nyuma ya karatasi ya vipimo.

Sasa najua. Kitambaa cha moto kwanza,
kikae mpaka kipoe chenyewe. Sabuni nzito.
Wembe ulale, karibu ulale kabisa,
kama mtu anayetaka kuinuka na hajaamua.
Mkono wa kushoto ndio unyoao kwa kweli:
unavuta ngozi kutoka kolani, unavuta kutoka sikioni,
unakunjua makunyanzi moja moja
kama ninavyonyoosha kwapa la gauni chini ya sindano.
Upana wa ukucha, suuza. Upana wa ukucha, suuza.
Usibonyeze, uzito wa wembe unatosha.
Mpito wa kwanza ufuate mlalo, wa pili ukate mshazari,
na kinyume usiende, hata ukishawishika.

"Baba, meza mate, uyashike hapo."
Anameza. Kikoromeo kinapanda, kinasimama juu,
na kile kibonde kinakuwa uwanja.
Nina pumzi moja tu ya kupita.
Tunaibana wote wawili.

Hapo ndipo ninapomwona:
mshipa unaopiga chini ya chuma,
kovu dogo ambalo hata mama hakunisimulia,
na macho yake, ameyafumba.
Yeye, aliyekuwa hamwamini mtu hata kumnolea.

Leo hakutoka damu. Nimemfuta, nimempaka marashi ya waridi,
nimemvisha kanzu, nimempa kioo.
Kioo akakisukuma. Kinyozi haamini macho.
Akapandisha mgongo wa mkono uliobaki,
akaupitisha taratibu, kutoka kola hadi taya,
akafika nyuma ya sikio la kulia, akasimama.

Nywele tatu. Labda nne.

Akagonga kiti mara mbili.